Jabali la Pande Mbili

Nianze kwa kujisifu, maana sisi tuliozaliwa kule hatuoni aibu kujisifu. Kijijini kwetu, upande wa Shinyanga, ukishaacha lami na kuupita mji wa mgodi wa Mwadui, kuna jabali la kutelezea ambalo sijaona mfano wake popote, na mimi si mtu wa kukaa ndani. Nimefika Dar es Salaam, nimefika Arusha, nimefika hadi Kampala kufuata mzigo. Kote huko niliulizia watoto wao wanateleza wapi, nikaonyeshwa bembea zenye kutu na kile kibati cha kuteremkia ambacho jua likipanda kinaunguza makalio. Nikanyamaza kwa adabu tu.

Jabali letu ni la kijivu, refu kuliko jengo lolote la Buseresere ninakoishi. Ubavuni mwake umeshuka mfereji mpana uliolainishwa na makalio ya watoto tangu enzi za bibi zetu. Ukiupapasa ni laini kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Hulipi kiingilio. Hupangi foleni, isipokuwa siku ambayo ng'ombe wanapita chini yake kwenda josho, na hao hawakai. Halina bango wala geti, na kwenye ramani ya simu utaona rangi ya mchanga tu. Mimi naona hiyo ni sifa.

Wenzangu wa ukanda wa dhahabu hawanielewi. Nina duka la vifaa vya wachimbaji: kamba, buti, tochi za kichwani, makarai, sululu. Ninawajua wateja wangu wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, na kila ifikapo Desemba wanashikwa na ugonjwa mmoja. Wote wanataka kwenda ufukwe uleule mmoja kule Mwanza. Wakirudi wanaonyeshana picha walizopiga chini ya mwavuli uleule, wakiwa wameshika glasi zilezile za juisi. Asiyekwenda anatazamwa kwa huruma, inadhaniwa duara lake halijatema, yaani shimo lake halikutoa dhahabu mwaka huo. Watu wako tayari kufa na tai shingoni ili mradi wameonekana ufukweni.

Mume wangu hayumo kwenye kundi hilo. Yeye yuko Rwamgasa machimboni, na kwake sikukuu ni siku duara linapotema, iwe Krismasi au isiwe. Kwa hiyo mambo ya matembezi nyumbani kwetu ni yangu, na gari ni langu, la viti saba, nililolinunua kwa jasho la duka langu mwenyewe na ninaloliendesha mwenyewe. Hilo nalo ninajisifu.

Sasa nije kwa mdogo wangu. Ni muuguzi, aliolewa Ulaya, kwenye nchi ya baridi. Mwaka juzi alinitumia video ya binti yake akiteremka mlima mweupe kwa theluji, amevaa koti jekundu, miguuni ana vile vibao virefu. Nilichoshangaa si theluji. Nilishangaa kwamba mlima mzima haukuwa na watu. Nilikuwa nimeona kwenye televisheni jinsi wazungu wanavyojazana kwenye milima yao ya theluji, wamebanana kama siku ya mnada wa ng'ombe. Nikampigia simu kumuuliza.

Alicheka, akampa simu mumewe. Shemeji yangu anakiongea Kiswahili kwa kukibomoabomoa, lakini hakiogopi. "Shem," akasema, "mlima mkubwa, mlima wa jina, pale matajiri. Foleni kupanda, foleni kula, foleni choo. Chai moja bei ya mbuzi. Sisi hapana. Sisi tunaenda kilima kidogo, nyuma ya kijiji cha bibi yangu. Hakuna mtu anajua. Kamba moja inavuta watu juu. Bibi anapika supu."

Nilimpenda siku hiyo. Kabla ya hapo alikuwa tu mzungu aliyemchukua mdogo wangu.

Video ile nilimpelekea mama kijijini. Mama yangu ni mtu mzima sana, wa umri wa kuchotewa maji, ingawa ole wako ujaribu kumchotea. Aliishika simu mbali na macho, akaitazama, akataka irudiwe, ikarudiwa, akataka tena. Halafu akasema kwa utulivu, "Hiyo kachukua kwangu."

Nikamuuliza nini.

"Kuteleza. Huoni anavyotulia? Waoga hujikunja. Huyu ametulia. Wakati wangu hapakuwa na msichana wa kunishinda pale jabalini, uliza yeyote." Hapakuwa na wa kumuuliza, wenzake wote wametangulia, lakini nilimwamini.

Desemba hii iliyopita walikuja, wote watatu. Nikamleta na mama Buseresere tule Krismasi pamoja. Nilikuwa nimepaka nyumba rangi, nimenunua godoro jipya, majirani wamejaa uani kuwaona wageni, nami nimevimba kichwa kabisa.

Mtoto alikuwa wa kama darasa la pili, mwembamba, ana macho ya mama yangu kabisa. Mama yake alikuwa amemfundisha neno moja la heshima, shikamoo, na yeye akalitoa kwa kila aliyemwona, pamoja na mbuzi wa jirani. Watu walicheka kwa upendo, lakini yeye hakujua wanachekea nini, akajificha nyuma ya gauni la mama yake na hakutoka tena. Joto lilimchosha. Kuku walimtisha. Mama alikuwa amemletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ambavyo sisi tulivitafuna utotoni kama pipi. Mtoto akaweka kipande mdomoni, akakishikilia humo kwa muda, kisha akakitema kiganjani taratibu, asimkwaze mtu. Mama akakichukua pale kiganjani, akakitafuna yeye, akatabasamu.

Kesho yake asubuhi, tukiwa jikoni tunasonga ugali, mama akaniambia. "Mwanangu, hawa wakiondoka sijui kama nitawaona tena. Umri wangu unaujua. Mdogo wako ananijua, huyo sina wasiwasi naye. Lakini huyu mtoto, nataka akiondoka hapa awe anajua kwamba ana bibi. Si picha ya bibi. Bibi."

Nilimjibu kwamba hilo ni jambo dogo, nitawapeleka wote matembezi na watazoeana. Nami, pamoja na maneno yangu yote kuhusu ugonjwa wa Desemba, nikawapangia safari ya kwenda ufukweni Mwanza. Nilitaka mgeni wangu wa Ulaya aone kwamba na sisi tuna mahali pa jina.

Nilichokisahau ni ukwe. Kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume hawazoeani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hukunja kuingia shambani mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima, na kadiri heshima inavyozidi ndivyo wanavyozidi kukwepana. Siku hizi vijana wa mjini wameilegeza, lakini mama yangu hajalegeza kitu chochote maishani mwake. Mdogo wangu alikuwa amemfundisha mumewe mambo haya wakiwa bado kwao, na shemeji akayapokea kwa bidii kuliko Msukuma yeyote niliyemjua. Akisikia sauti ya mama upande huu wa nyumba, yeye anakimbilia upande ule. Siku moja mama alitoka ghafla na beseni la vyombo, na shemeji akaona heri aruke ukuta wa jirani. Mama akaniambia kwa siri, "Huyo ana adabu." Zilikuwa sifa kubwa.

Kuwasafirisha watu hao wawili kwenye gari moja ilikuwa kazi. Nilimweka shemeji mbele pembeni yangu, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Mama nikamweka kiti cha nyuma kabisa, khanga kichwani. Kile kioo cha katikati cha kutazamia nyuma nikakipindua kitazame paa. Mdogo wangu na mwanawe wakakaa katikati kama mpaka. Tukapita Geita, tukavuka lile daraja jipya la Busisi ambalo mtoto alilipenda, tukaingia Mwanza jua likiwa limeshachangamka.

Foleni ya magari ilianzia mbali na geti. Tulipoingia, hapakuwa na mchanga wa kukanyaga. Watu wamebanana, spika zinapigana, kila moja na muziki wake, watoto wanalia, wapiga picha wanavuta watu mikono. Mtoto wetu akaziba masikio. Maji yenyewe yalikuwa mbali, nyuma ya migongo.

Na mama hakushuka garini. Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka, nimeshachelewa. Ufukweni wanaume wanatembea na bukta. Shemeji yangu ni mwanamume, alikuwa na bukta yake kwenye begi kama wengine. Mama ashuke aende wapi, mahali ambapo hata ukigeuka kukwepa unamgonga mtu mwingine? Porini unaweza kumpisha mkweo. Pale hapakuwa na pa kumpishia mtu. Shemeji naye alipoelewa, alikataa kuvaa bukta, akakaa na suruali yake na soksi juani, uso umemwiva, anatazama ziwa kana kwamba linamdai jibu.

Nilirudi garini nikamkuta mama ameketi wima, kitambaa usoni, madirisha yamefunguliwa kidogo, amegeukia ukuta wa maegesho. Nikamwomba radhi. Akasema, "Nimekuja kumwona mjukuu wangu, nimeona ukuta." Hakusema kwa hasira, na heri angesema kwa hasira. Machozi yalinitoka. Zilikuwa zimebaki siku chache tu waondoke.

Nilisimama pale kwenye jua la maegesho nikamkumbuka shemeji na kilima chake, foleni kupanda, foleni kula, foleni choo. Mtu amekimbia milima ya jina kwao, amevuka bahari, nami namleta kwenye mlima wa jina wa kwetu! Nikacheka peke yangu, mlinzi akanitazama. Kisha nikawaza kwamba kama kuna mahali hapa duniani ambapo mama mkwe na mkwewe wanaweza kucheza siku moja bila kuonana, mimi ninapajua, nimezaliwa hapo.

Jabali letu lina pande mbili. Upande unaotazama mawio ni wa wanawake na watoto wa kike. Upande wa josho ni wa wanaume. Katikati kuna mgongo wa jiwe mrefu, na hakuna anayeuvuka. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, ila hata walevi wanaiheshimu. Pande zote mbili zina mtelezo, ingawa wa wanawake ni mrefu zaidi, na wanaume hawapendi kukumbushwa.

"Ingieni garini," nikawaambia. "Tunakwenda nyumbani."

"Buseresere?" mdogo wangu akauliza.

"Nyumbani."

Alipoelewa alinikumbatia mbele za watu. Badala ya kurudi tulikotoka, tukashika barabara ya Shinyanga, tukaacha lami jua likiwa linaelekea kuzama. Kilima cha kifusi cha mgodi wa almasi wa Mwadui kilionekana kwa mbali, cheupecheupe, na mtoto akakinyooshea kidole akasema neno kwa lugha yao. Mama yake akacheka. "Anauliza kama ile ni theluji." Kutoka kiti cha nyuma mama akasema, "Mwambie ni uchafu tu. Asubiri."

Kulipokucha mvua ndogo ilikuwa imepita, na jabali limeoshwa, limekauka nusu, hali nzuri kabisa ya kuteleza. Habari zilikuwa zimeshatembea. Wanawake wa kijiji walikuwa wameshaanza kupanda na watoto wao wa kike, wamebeba madumu ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa, ambayo ndiyo vyombo vya siku hizi. Wengine walikuja na magunia. Mimi, mtu wa vifaa, nilikuwa na karai jipya la kuoshea mchanga wa dhahabu, nikajikalisha humo kwa madaha. Nawaambieni msijaribu. Karai halijui mbele wala nyuma. Lilinizungusha kutoka juu hadi chini, nikafika huku nimetazama nilikotoka na gauni liko shingoni. Wanawake walicheka hadi wakalala chini.

Shemeji alikwishapelekwa upande wa wanaume na binamu zetu. Tulisikia vicheko vyao tu kupitia mgongo wa jiwe.

Mtoto alikuwa amekaa chini, kivulini, magoti yamegusana. Mama yake alimbembeleza, akakataa. Kisha mama yangu akapita mbele yake bila kumtazama, amekunja chini ya kwapa kipande cha ngozi kavu ya ng'ombe. Madumu hayataki, anasema ni ya wavivu. Akashika njia ya nyuma, ile yenye mteremko mpole ambayo hata ndama wanaipanda, akaanza kupanda.

"Mayu! Mama, unakwenda wapi?" nikapiga kelele. Wanawake wengine nao wakaanza, mama shuka, mama utaumia, mama magoti. Hakugeuka. Nilimfuata mbio, nimejaa hofu, na nyuma yangu nikasikia hatua nyepesi. Alikuwa mtoto. Alikuwa amesimama mwenyewe, akatufuata.

Juu pale kuna upepo. Mtoto alifika ukingoni, akachungulia, na hapo nikamwona akibadilika. Aliacha kuwa mgeni. Akachuchumaa, akapapasa jiwe kwa kiganja, akatazama kushoto, akatazama kulia, akafuata kwa macho mahali njia inapopinda na mahali inapotulia. Alikuwa anasoma mteremko. Hicho ni kitu anachokijua. Kwao kuna kilima, naye ni mtoto wa kilima. Mama alikuwa amesimama kando anamtazama kama mtu anayetazama ndama wake akisimama mara ya kwanza.

Mtoto akaona vijiwe kwenye njia. Akaingia, akaanza kuviokota. Mama akavunja tawi lenye majani, akaanza kufagia. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Mmoja anafagia, mwingine anaokota, wakashuka hivyo hadi kwenye kona, wakarudi. Mtoto akamshika mama mkono pale penye unyevu, akatingisha kichwa kumkataza asikanyage. Mama akatii. Sijawahi kumwona mama yangu akimtii mtu.

Sasa, jabali letu lina desturi. Hakuna anayeteremka bila kujitamba. Ukikaa kwenye ngozi yako unapaza sauti, unasema wewe ni nani na umefanya nini, ili wa chini wapishe na ili jiwe lijue linambeba nani. Ukishuka kimya unarudishwa juu. Sisi wanawake tunaojiheshimu huwa hatusemi kidogo.

Mama akatandika ngozi, akaketi, akafunga khanga kiunoni, akanyoosha miguu. Sauti iliyomtoka sikuijua.

"Mimi ni binti wa mwenye ng'ombe wekundu! Nimelima pamba mpaka wanaume wakaomba maji! Nimezaa watano, nimezika wawili, na bado nimesimama! Binti yangu amevuka bahari, akaolewa na watu nisiowajua, na hakusahau njia! Pisheni!"

Akajisukuma. Nilifumba macho, nikafumbua, na mama yangu alikuwa anateremka ametulia kabisa, mgongo umenyooka, mikono mapajani, kona ile akaikata kwa bega tu. Akafika chini, ngozi ikasota mchangani ikasimama. Vigelegele vikapasuka. Nilijisikia nimeumbwa upya. Yule ni mama yangu, jamani. Yule ndiye mama yangu.

Ndipo kutoka upande wa pili, juu ya mgongo wa jiwe, ikaja sauti nzito ya kukosea maneno. "Mimi mume wa binti yake! Mimi mtoto wa kilima kidogo! Hakuna foleni! Pisheni!" Ikafuata kelele ndefu, na kishindo, na vicheko vya wanaume wote wa kijiji.

Wanawake walishikana mabega. Mimi nilishateremka mbio kwa njia ya nyuma kumwangalia mama kama ameumia. Alikuwa ameketi mchangani, uso ameugeuzia jiwe kwa adabu, kana kwamba mkwe angeweza kumwona kupitia mwamba mzima. Akaniambia, "Mwambie aliyeko kule kwamba nimesikia. Mwambie binti yangu hakupotea." Nikapiga kelele kuvuka mgongo wa jiwe, nikayafikisha. Halafu nikamsikia shemeji akijibu, taratibu, "Asante, mama. Asante sana," naye akiwa amegeukia josho, binamu waliniambia baadaye.

Nadhani ingeishia hapo ningeridhika. Lakini juu kabisa alikuwa amebaki mtoto, na mama yake amepanda kusimama naye. Alikuwa amekalia dumu, tayari. Wanawake wa chini wakaanza kumpigia kelele, "Jitambe! Jitambe kwanza!" Mdogo wangu akainama kumweleza. Mtoto akatikisa kichwa. Nikaona mabega yake yakijikunja, nikaona anataka kushuka kwenye dumu lile na kurudi kivulini, na nikajua kwamba akirudi kivulini hatatoka tena. Mama naye alijua. Alisimama, akasogea katikati, pale njia inapoishia, akafungua mikono yake miwili. Hakumwita. Alisimama tu pale ambapo kila ateremkaye lazima afikie.

Mtoto alimtazama kwa muda. Akasema kitu kirefu kwa lugha ya kwao, kwa sauti ndogo.

"Hatusikii!" wanawake wakajibu.

Akasimama juu ya dumu. Akamnyooshea mama yangu kidole, mkono wote umenyooka, akavuta pumzi, na akakusanya maneno yote ya Kiswahili aliyokuwa nayo.

"Mimi mjukuu wa yule! Pisheni!"

Sikuona alivyoteremka, kwa sababu nilikuwa nalia. Nilisikia dumu likivuma juu ya jiwe, na nilipofuta macho walikuwa wote wawili wameanguka mchangani, mtoto juu ya bibi, khanga imefunguka, nywele zimejaa vumbi. Nilikimbia kuwainua. Mama akanisukuma mkono. Alikuwa anacheka bila sauti, na mtoto ameshika uso wake kwa viganja viwili akimwambia, "Tena. Bibi, tena."

Mdogo wangu alifika akihema, naye machozi yanamtiririka. Mama alikuwa ameshainuka, mtoto anamvuta kwa pindo la khanga kuelekea njia ya nyuma, ile ya ndama. Alipopita mbele ya mdogo wangu alisimama kidogo, akampangusa shavu kwa kidole gumba.

"Haya, mwanangu," akamwambia. "Sasa mnaweza kwenda."

Akageuka akapanda, anavutwa.